Msaada kwa wauguzi na wanafunzi wa wodi ya akili: mwongozo kamili kwa wasimamizi na wakufunzi

Kazi ya wodi ya magonjwa ya akili haionekani kwa macho. Muuguzi wa upasuaji akimaliza zamu, kidonda kimesafishwa na bandeji imebadilishwa. Wa wodi ya akili huenda ameketi saa nzima na mtu asiyetamka neno, akatukanwa na mwingine, akasikiliza habari za ubakaji na za kutaka kufa, kisha akaandika mistari minne kwenye faili. Nyumbani hana cha kusimulia, na hata akiwa nacho, siri za wagonjwa zinamfunga mdomo.

Ushauri wote ulio hapa chini unasimama juu ya jambo moja: msaada usioandikwa kwenye ratiba ya zamu haupo. "Mkiwa na shida njooni ofisini" si mpango. Anayeelemewa ndiye wa mwisho kuja, na mwanafunzi haji kabisa, kwa sababu anayemwita ofisini ndiye anayemjazia fomu ya maksi.

Hatua ya 1: Jua kinachowaumiza hasa

Usianze na semina ya msongo wa mawazo. Anza na karatasi isiyo na jina yenye maswali manne: Nini kilikutisha mwezi huu? Nini ulifanya ukaona si sawa moyoni? Ulimwambia nani? Nini kingekusaidia siku ileile? Weka kisanduku mahali ambapo msimamizi hapiti kila saa, nacho kikae siku saba.

Majibu huangukia kwenye mafungu yanayojirudia. Hofu ya kupigwa ndiyo inayotajwa haraka, lakini si lazima iwe nzito kuliko zote. Iko aibu ya kushiriki kumshika kwa nguvu mtu anayelia "sitaki" na kumchoma sindano ya kutuliza: muuguzi anajua kwamba ilibidi, na bado halali. Uko unyanyapaa unaomwagikia mhudumu, anayeulizwa na wenzake wa wodi nyingine kama naye "ameshaanza kuwa kama wao". Kwa mwanafunzi kuna jambo ambalo wakufunzi wengi hulipuuza, nalo ni kukosa la kufanya. Amefundishwa kupima, kufunga na kuchoma. Hapa anaambiwa "kaa nao", na hajui kukaa ni kufanya nini. Halafu wako wenye ndugu mgonjwa nyumbani, au waliowahi kuugua wenyewe, wanaoikuta historia yao imelala kitanda cha tatu.

Mwaka 1960 mtafiti Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake katika hospitali moja ya London na kuonyesha jinsi wauguzi wasiosaidiwa wanavyojikinga na uchungu: kazi inakatwakatwa vipande vidogo ili mtu asimkaribie mgonjwa yeyote kwa undani. Ukiona wodi ambako kila muuguzi yuko bize na makaratasi huku wagonjwa wamekaa peke yao barazani, usikimbilie kuwaita wavivu. Huenda wamejificha.

Hatua ya 2: Wiki mbili kabla mwanafunzi hajafika

Mpange kikao cha saa tatu chuoni, na mgeni mkuu awe muuguzi wa wodi yenyewe. Nusu ya muda iwe mazoezi ya kuongea, wawili wawili, mmoja akiigiza mgonjwa. Mihadhara kuhusu skizofrenia na sonona wameshaipata; wanachohitaji ni midomo iliyozoea maneno.

Wape pia dalili chache za hatari za dawa, kwa sababu mwanafunzi ndiye anayekaa muda mrefu na wagonjwa na mara nyingi ndiye anayeona wa kwanza. Shingo au macho kupinda ghafla baada ya haloperidoli (dawa ya saikosisi, yaani hali ya kupoteza uhalisia) hutibika haraka, ila humtisha sana mgonjwa, na huweza kudhaniwa kuwa anaigiza. Homa kali na misuli kukakamaa kwa anayetumia dawa za saikosisi ni dharura. Homa au koo kuuma kwa anayetumia klozapini, dawa nyingine ya saikosisi, humaanisha kupima chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Kutapika, kuhara, kutetemeka sana na kuyumba kwa anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, huashiria kwamba dawa imezidi na kuwa sumu mwilini. Amwite muuguzi papo hapo, asingoje makabidhiano ya zamu.

Kuhusu afya ya mwanafunzi mwenyewe, usiulize mbele ya kundi wala kwenye fomu. Sema tu: "Kama kuna jambo la maisha yako linaloweza kufanya wodi hii iwe ngumu kwako, unaweza kuniambia peke yangu. Halitaandikwa kwenye tathmini." Kisha usiliandike kweli.

Pangeni muuguzi mlezi kwa jina, na kila mlezi asiwe na zaidi ya wanafunzi wawili kwa zamu. Mlezi mwenye watano hana hata mmoja.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza

Mzunguko wa wodi uchukue dakika 40 hivi, na usifanywe na anayewahi kugawa dawa. Mwonyeshe kila mlango na upande unaofungukia, kengele ya kuita msaada (aibonyeze, aisikie), mahali pa funguo, chumba cha dawa, na njia ya kutokea kutoka kila chumba anachoweza kukaa na mgonjwa.

Sheria za mwili ni chache na zitajwe na sababu zake. Kamba ya kitambulisho shingoni iwe ya kukatika yenyewe ikivutwa, la sivyo ibanwe kifuani kwa klipu. Hereni za duara zivuliwe, nywele ndefu zifungwe. Kati yake na mgonjwa aliyechangamka kuwe na nafasi ya mikono miwili iliyonyooshwa. Akae karibu na mlango bila kuuziba: anayejihisi kufungiwa ndani hupigana ili atoke, na wengi hukumbuka usalama wao wakasahau njia ya mgonjwa. Namba ya simu na akaunti za mitandaoni hazitolewi, hata kwa mgonjwa mpole kuliko wote.

Mwanafunzi hashiriki kumshika mgonjwa kwa nguvu. Hata akiwa na misuli, hata kama wahudumu ni wachache. Hakufundishwa, na mgonjwa anayelazwa kifudifudi akibanwa mgongo au shingo anaweza kukosa pumzi hadi kufa. Kazi yake wakati huo ijulikane mapema: kuwaondoa wagonjwa wengine eneo hilo, kuita msaada, kisha kukaa alipoelekezwa.

Hatua ya 4: Wiki ya kwanza

Siku mbili za mwanzo afuatane na mlezi na kutazama. Siku ya tatu apewe mgonjwa mmoja, aliyekubali, ambaye hali yake imetulia. Mazungumzo ya kwanza yawe ya dakika 10 hadi 15. Yakirefuka, mara nyingi mwanafunzi hajui kuyafunga. Mfundishe sentensi ya kufungia: "Nashukuru kwa kuongea nami. Naenda kwa wenzangu sasa, nitarudi saa nane." Na saa nane arudi, hata kama ni kusema tu kwamba leo hataweza kukaa.

Maneno mengine yanafaa kukaririwa hadi yatoke yenyewe.

Mgonjwa anaposikia sauti, asibishane naye wala asimkubalie. "Mama, mimi sauti hizo sizisikii, ila naona zinakusumbua. Zinakwambiaje?" Swali la mwisho ni la usalama: sauti zinazoamuru kujidhuru au kumpiga mtu lazima zifike kwa muuguzi saa hiyohiyo.

Mgonjwa akisema amechoka na maisha, amuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Kinachodhuru ni kubadilisha mada. Jibu likiwa ndiyo, asimwache peke yake hadi muuguzi afike.

Mgonjwa akisema "nikwambie siri, usimwambie mtu", jibu linakuja kabla ya siri: "Nitakusikiliza, lakini likiwa jambo la kuhatarisha maisha yako au ya mwingine, nitalazimika kumwambia muuguzi. Nitakwambia kwanza kabla sijafanya hivyo." Mwanafunzi aliyekwisha kuahidi kunyamaza hubeba mzigo usio wake, na hapo ndipo wengine huanza kukosa usingizi.

Kila siku, dakika 15 kabla ya kuondoka, mlezi akae naye mahali pasipo na watu. Maswali matatu yanatosha: Nini kimekugusa leo? Nini hukukielewa? Nini kinakutia wasiwasi kwa kesho? Mlezi asikimbilie kufariji. "Utazoea tu" hufunga mazungumzo, na anachosikia mwanafunzi ni kwamba hisia zake ni ugeni utakaokwisha, si taarifa anayoweza kuifanyia kazi.

Hatua ya 5: Yanayofanyika kila zamu

Kwenye makabidhiano, tumieni kipimo kifupi cha hatari ya vurugu. Kipimo cha Brøset, kilichotokea Norwe, kina dalili sita: kuchanganyikiwa, hasira za haraka, makelele na fujo, vitisho vya maneno, vitisho vya mwili, na kushambulia vitu. Kila dalili iliyopo ni alama moja. Alama 0 ni hatari ndogo, 1 au 2 ni ya kati, 3 na kuendelea ni kubwa na inadai mpango kabla zamu haijaanza kugawana kazi. Kinakadiria saa 24 zijazo tu, kwa hiyo alama za juzi hazina maana.

Kataeni maneno ya "mkorofi", "msumbufu", "anatafuta huruma". Semeni alichofanya na kilichotangulia: "Saa moja jioni alirusha sahani baada ya kuambiwa ndugu zake hawaji." Habari mbaya kutolewa vibaya ni chanzo kikubwa cha vurugu za wodini, na kinazuilika. Mpango wa Safewards ulioundwa Uingereza una mbinu kumi za namna hii: maneno ya upole, kutangulia kumwandaa mgonjwa kwa habari mbaya, wahudumu na wagonjwa kufahamiana. Ulipojaribiwa katika wodi 31 na matokeo kuchapishwa mwaka 2015, matukio ya vurugu, kujidhuru, kutoroka na mengine ya aina hiyo yalipungua kwa asilimia 15 na hatua za kuwadhibiti wagonjwa kwa asilimia 26. Wodi yenye vurugu chache ni msaada mkubwa kwa muuguzi kuliko ushauri nasaha wowote unaokuja baadaye.

Anayemlinda mgonjwa mmoja kwa kumtazama muda wote asizidishe saa mbili mfululizo. Baada ya hapo macho yanatazama bila kuona, na mgonjwa mwenyewe huchoka kutazamwa na mtu aliyechoka. Mapumziko ya chakula yafanyike nje ya wodi, na jina la anayeshika nafasi liandikwe kwenye ratiba. Lisipoandikwa, hakuna anayetoka.

Hatua ya 6: Baada ya tukio la vurugu

Hapa ndipo wodi nyingi huharibu, tena kwa nia njema.

*Saa ya kwanza.* Aliyeumizwa aondoke wodini mara moja na mtu wa kumsindikiza. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni. Kama damu ya mgonjwa imeingia kwenye jeraha au machoni, au amechomwa na sindano iliyotumika, dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI zianze haraka iwezekanavyo, isipite saa 72; hali yake ya chanjo ya homa ya ini B iangaliwe pia. Taarifa ya maandishi isubiri. Kumkalisha mtu anayetetemeka ajaze fomu ya kurasa tatu humwambia kwamba fomu ina thamani kuliko yeye. Na asitokee wa kumuuliza "kwani ulimfanya nini?"

Mgonjwa aliyechomwa sindano ya kutuliza anahitaji jicho lilelile. Mapigo ya moyo, shinikizo la damu, upumuaji, joto na ufahamu vipimwe angalau kila saa, na kila dakika 15 akiwa amesinzia, amepewa dozi kubwa, au ametumia pombe au madawa ya kulevya. Wapimaji wasiwe wale waliokuwa wakipambana naye, ikiwezekana.

*Siku hiyohiyo.* Msaada wa awali una mambo matatu: kutazama anahitaji nini, kusikiliza kama anataka kuongea, kumuunganisha na watu wake na huduma. Basi. Usiwakusanye wote na kuwataka kila mmoja asimulie alichoona na alichohisi. Kikao cha lazima cha aina hiyo, cha mara moja, hakijathibitika kuzuia madhara ya baadaye, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Nani atakwenda naye nyumbani? Nani atamlishia watoto jioni? Maswali hayo husaidia zaidi.

Mara nyingi anayesahaulika ni mwanafunzi aliyekuwa amesimama kando. Hakuguswa, basi haandikwi popote. Orodhesha waliokuwapo wote, na chuo kipewe taarifa siku ileile. Akirudi nyumbani mapema, saa hizo zihesabiwe kuwa za mafunzo. Akidaiwa kuzifidia, safari nyingine atanyamaza.

*Siku ya 3, ya 7 na ya 28.* Mtu mmoja aliyepangwa ampigie simu. Ndoto mbaya, kushtuka ovyo na picha za tukio kujirudia ni kawaida wiki za mwanzo, na kwa wengi hupungua zenyewe. Zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia kulala na kufanya kazi hata kabla ya hapo, apelekwe kwa mtaalamu, na asiwe wa wodi anayofanyia kazi.

*Kurudi kazini.* Zamu ya kwanza awe wa ziada, si wa kujaza pengo. Aulizwe kama yuko tayari kumhudumia mgonjwa yuleyule; jibu lolote ni sahihi, na linaweza kubadilika. Kikao cha kujifunza kuhusu tukio lenyewe, yaani nini kilitangulia na nini kibadilike, kifanyike peke yake, siku kadhaa baadaye, wote wakiwa wametulia. Kukichanganya na kikao cha kufariji ni kuviharibu vyote viwili: anayeomboleza anajikuta anajitetea.

Mgonjwa akijiua

Kila aliyemhudumia aambiwe na mtu, kwa mdomo, kabla hajasikia kwenye korido. Orodha iwafikie wa zamu ya usiku, walio likizo, na wanafunzi walioondoka wodini wiki iliyopita. Uchunguzi ukija, waelezwe hatua zake mapema: nani atauliza, nini kitaandikwa, nani atakaa nao. Sentensi ya "dalili zilikuwa wazi" isiruhusiwe kikaoni. Baada ya kifo kila kitu huonekana wazi. Wagonjwa wenzake nao waambiwe, na ulinzi wao uongezwe siku hizo.

Hatua ya 7: Kikao cha usimamizi wa kitaaluma

Hiki ndicho kiini cha mpango mzima. Watu 4 hadi 6, dakika 60, kila baada ya wiki nne kwa wauguzi na kila wiki kwa wanafunzi. Brigid Proctor, mkufunzi wa Uingereza, alieleza mwaka 1986 kazi tatu za vikao hivi: kulinda viwango vya kazi, kumkuza mhudumu, na kumrudishia nguvu. Vikao vingi hubaki na ya kwanza tu, kwa sababu mwendeshaji ni bosi. Kwa hiyo mwendeshaji atoke wodi nyingine au chuoni, asiwe na mamlaka ya nidhamu wala maksi juu ya waliokaa mbele yake.

Dakika 5 za kufungua na kukumbushana usiri na mipaka yake: hatari kwa maisha ya mtu hutolewa nje, mengine hubaki. Dakika 20 mmoja alete mgonjwa au hali moja inayomkaa rohoni. Dakika 20 wengine waulize na kusema inawagusaje, bila kutoa suluhisho. Dakika 10 mleta hoja aseme anaondoka na nini. Dakika 5 za kupanga zamu ya kuleta hoja safari ijayo.

Kikao hupotoka kwa njia mbili. Ya kwanza, kinageuka kuwa malalamiko ya upungufu wa watumishi. Malalamiko ni ya kweli, ila yaandikwe karatasi ya pembeni, yapelekwe kwa uongozi, kisha mrudi kwa mgonjwa. Ya pili, kinafutwa siku wodi ikizidiwa, yaani siku kinapohitajika zaidi. Wekeni kanuni: kikao kinaweza kusogezwa mara moja, ndani ya siku saba, hakifutwi.

Hatua ya 8: Kumtambua anayezama

Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unaeleza uchovu wa kazi kwa sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona hufanyi lolote la maana. Wodini hujionyesha kwa vitu vidogo. Faili za wagonjwa wote zinasomeka "ametulia, hana shida". Sindano za kutuliza zinaongezeka kwenye zamu za mtu mmoja. Utani juu ya wagonjwa unakuwa mkali. Aliyekuwa anawahi anaanza kuchelewa.

Mwite faraghani na mwambie ulichoona, si unachomdhania: "Wiki hii umechelewa mara tatu na jana ulilia chumba cha dawa. Una nini?" Ukihisi anawaza kujiua, muulize waziwazi kama ambavyo ungemuuliza mgonjwa. Akikiri, usimwache peke yake, mfikishe kwa mtaalamu siku hiyo, na funguo za dawa zishikwe na mwingine kimyakimya. Muuguzi anajua dozi, na kabati iko karibu naye. Jambo hili watu huona haya kulitaja.

Hatua ya 9: Kuondoka, na kupima

Mwanafunzi aanze kuwaaga wagonjwa wiki moja kabla, si siku ya mwisho. Kwa mtu aliyezoea kuachwa, kupotelewa ghafla na aliyemzoea humrudisha nyuma. Amwambie tarehe, amshukuru, asiahidi kurudi kumtembelea.

Kila mwezi, ukurasa mmoja ukutani kwa wahudumu: vikao vilivyopangwa na vilivyofanyika, mapumziko yaliyokosekana, matukio yote na mangapi yalifuatiliwa hadi siku ya 28, wanafunzi walioomba kuhamishwa na sababu zao. Tarajia idadi ya matukio kupanda miezi ya mwanzo, kwa kuwa matusi na makofi yaliyokuwa yakimezwa sasa yanaandikwa. Uongozi uelezwe hivyo kabla ya ripoti ya kwanza, maana msimamizi akikaripiwa kwa takwimu hizo, mwezi unaofuata daftari la matukio litakuwa jeupe na wodi itakuwa vilevile.